Taa ya Gia

Iliungua Agosti, ile taa iliyojificha chini ya herufi,
na kwa wiki tatu nikaendesha kwa kuhesabu:
tak moja, rivasi. Tak mbili, huru. Tak tatu, mbele.
Usiku mmoja nikahesabu vibaya
nikaegemeza mgongo wa gari
kwenye ukuta wa mawe ya lava wa Baba Machumu, kule Ndosho.
Ukuta haukusema kitu.
Machumu alisema mengi.

Mbusa akafungua kisanduku cha gia
kwa bisibisi na kisu cha jikoni.
Ndani: vumbi letu jeusi,
pini ya nywele ya mtu wa Japani,
sarafu ya manjano yenye tundu katikati.
Nikamwona mwenye gari wa kwanza,
amesimama kwenye taa nyekundu, barabara yake laini,
kidole kinachokonoa upenyo huu huu,
kisha taa ikageuka, magari ya nyuma yakapiga honi,
akaiacha.

Balbu yenyewe punje ya mtama,
nyeusi kama jino bovu.
Mbusa hakuwa na nyeupe.
Alikuwa na moja ya kijani, aliing'oa kwenye redio iliyokufa.
Franka elfu nne.
Tukabishana mpaka tatu, na sarafu akabaki nayo.

Sasa ni saa kumi ya alfajiri, umeme umekwenda tangu jana mchana,
Katindo yote imefumba macho.
Kule juu Nyiragongo inapaka wingu rangi ya kaa,
na huku chini, kando ya goti langu la kushoto
(usukani wangu uko kulia, kama magari mengi ya hapa
yaliyozaliwa upande mwingine wa barabara),
pana kimwanga cha kijani,
herufi chache zimeamka peke yake.
Mkono wangu ukipita hapo
unakuwa mkono wa mtu aliye ndani ya maji.

Mama Vumilia, wa sambaza, hukaa mbele na beseni mapajani.
Haangalii njia. Anaangalia pale.
"Ni kama jirani aliyesahau kuzima jiko," anasema,
na harufu ya Kituku inaingia nasi mjini.

Asifiwe hajatimiza miaka saba.
Analala garini, maana nyumbani hakuna wa kumwachia.
Leo, tukingoja mteja,
ameinamisha pua juu ya gia, pua imekuwa kijani.
"Mama, hii haisomeki.
Hakuna a. Hakuna e. Hakuna hata u."

Ni kweli.
Miaka mitano nimeshika neno lisilo na irabu
na sikuwahi kuona.
Gari halikusoma shule yetu, nikamwambia. Zitie wewe.

Kidole kikatambaa. Pe.
Kikasimama. Kikaruka.
Nda.
"Penda," akasema. "Imeandikwa penda.
R nimeiacha."

Nilitaka kumwambia R haiachwi.
R ndiyo rudi.
R ndiyo iliyotutoa Mei ile mlima ulipopasuka,
njia ya Buhene ikawa uji mwekundu,
na mimi, shingo imegeuka, hakuna pa kugeuzia,
nikarudi kinyumenyume, nyumba kwa nyumba,
wewe ukilia kiti cha nyuma,
magodoro ya watu yakitembea vichwani pembeni yetu.
Nilitaka kumwambia kuna waliojua kwenda mbele tu.

Mteja akagonga kioo.

Nikakanyaga breki, nikavuta.
Tak. Tak. Tak.
Asifiwe akasoma kila nilipopita, kwa sauti ya darasani,
na R hakuitaja, aliikohoa tu.
"Mtoto anasoma nini gizani?" mteja akauliza.

Gari, nikasema.
Tukaondoka.